Gramafoni Isiyotimia



Miongoni mwa barua zilizotufikia juma lililopita, moja ilitusimamisha. Imeandikwa na mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye jina lake twalisitiri. Asema kwamba muuzaji wa vitu vya kale, si mbali na nyumbani kwake, amemwonyesha gramafoni ya zamani, ile ambayo wazee wetu waliiita santuri, iliyomo ndani ya kisanduku cheusi chenye kishikio mfano wa sanduku la safari. Bei yake ni shilingi 28,000. Ila imepungua: haina hendeli ya kuipindia, wala haina kile kichwa kinachoshika sindano. Muuzaji amempa siku kumi, na ataka arubuni ya shilingi 5,000 ambayo haitarudi endapo mama atabadili nia. Fedha anazo, zamu yake ya chama imefika. Lakini karo ya mwanawe wa sekondari nayo yangoja.

Lau ni pambo la sebuleni tungemjibu kwa mstari mmoja. Sababu yake ni nyingine. Mamake mzazi, aliyevuka miaka 80, anazo sahani tatu za santuri alizozihifadhi kashani tangu ujana wake, na katika moja, kwa maneno yake mwenyewe, mna sauti ya babake, aliyekuwa akiimba katika arusi za mji. Bibi huyo masikio yake yameanza kuwa mazito. Mwanawe ataka aisikie sauti ile kabla hayajaziba kabisa. “Sheikh,” ameandika, “ninunue au nisinunue? Na je, kununua kitu kisichotimia kwajuzu?”

Wako watakaotuuliza, na nyimbo je? Suala hilo lina mlango wake, na wanazuoni wamelieleza kwa urefu, leo hatuufungui. Binti amtafutiaye mamake sauti ya babake si mtu wa kuanziwa na makaripio.

Twaanza na hilo la kujuzu, kwa kuwa ndilo jepesi. Kitu kilichopungua chauzwa na chanunuliwa, maadamu upungufu wake umesemwa na umeonekana. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji, alichomlaumia muuzaji ni kuuficha chini badala ya kuuweka juu watu wauone. Muuzaji wa mama huyu ameuweka juu. Hendeli haipo, naye amesema haipo. Mnunuzi akiridhia aibu aliyoonyeshwa, hana tena haki ya kukirudisha kitu kwa aibu hiyo. Ama aibu iliyofichika ndani, iliyokuwamo kabla ya mauzo, hiyo humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha. Na lile tangazo tulionalo madukani, kwamba kilichouzwa hakirudishwi, halimwokoi muuzaji: katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu hajivui dhima ya aibu zote kwa sharti la mdomo, isipokuwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Na gramafoni si mnyama.

Ugumu uko katika kujua kilichomo ndani. Kwa idhini ya mama na ya muuzaji tulikwenda kuitazama, tukafuatana na fundi wa saa ambaye mikono yake imezoea vyuma vya namna hii. Chapa ni ya His Master's Voice, ile yenye mbwa asikilizaye pembe, na namba yake ni 102. Muuzaji alituambia ina umri wa miaka 120. Hatusemi ameongopa, yamkini naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Lakini aina hii ya 102 ilianza kutengenezwa mwaka 1931, na ikaendelea hadi miaka ya 1950. Mbwa mwenyewe ni wa kale kidogo kuliko hapo: ni mchoro wa Francis Barraud, Mwingereza, ulionunuliwa na kampuni mwaka 1899. Basi umri wa mbwa usimpandishie mtu bei ya kisanduku.

Kwa upande mmoja tulifurahi kuiona ni kisanduku cheusi kisicho na urembo. Zile zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, zinazovutia macho ya watalii, nyingi ni za kuunganishwa India miaka ya karibuni, kwa vipande vya mashine tofauti na kibati kipya chenye mbwa. Mwenye kununua pambo na anunue, lakini asidhani amenunua kitu cha zamani. Hii tuliyoiona ni ya asili.

Wasomaji wetu vijana huenda hawajapata kuiona ikifanya kazi, kwa hivyo twaeleza. Gramafoni hii haina umeme. Upindapo hendeli waikaza kamani, ukanda mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo, kama ile ya saa ya ukutani ila kubwa zaidi. Kamani ikijikunjua huzungusha sahani. Ikiachwa bure ingezunguka kwa pupa kisha ikalala, kwa hivyo pana kidhibiti mwendo: vizito vitatu vidogo vilivyopachikwa juu ya vibati vyembamba vya chuma, ambavyo hutanuka vikizunguka na kuubana mwendo, ili sahani izunguke mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma hupita katika mfereji wa sahani, ikatikisika, na mtikisiko huo hupanda hadi kwenye kiwambo kilichomo ndani ya kichwa. Zamani kiwambo kilikuwa cha ulanga. Katika aina hii ni cha aluminiamu. Kutoka hapo sauti hupita ndani ya mkono wa chuma, ikaingia katika pembe iliyofichwa ndani ya kisanduku, na kutoka nyuma. Hakuna kingine. Kila sauti uisikiayo imetokana na nguvu za mkono wako uliopinda.

Mama alidhani kwamba katika hivyo viwili vilivyopungua, kichwa ndicho kikubwa na hendeli ni jambo dogo, chuma kilichopinda tu ambacho mhunzi yeyote angekitengeneza. Fundi alitikisa kichwa. “Sheikh, pasipo hendeli hapana wa kuijaribu,” akasema. “Kamani ikiwa imekatika utajuaje? Kidhibiti kikiwa kimekufa utajuaje?” Naye alisema kweli. Chombo kisichoweza kupindwa huuzwa kama kwamba vyote visivyoonekana ni vizima, na mnunuzi hulipia uzima huo bila kuushuhudia. Hapo ndipo gharari ilipojificha katika biashara hii.

Muuzaji, na hili twamshukuru, hakukataa kufunguliwa skrubu. Ubao wa juu uliponyanyuliwa tuliona yafuatayo. Grisi ya miaka imekauka ikawa kama gundi. Katika vile vibati vitatu vya kidhibiti, kimoja kimekatika na kizito chake hakipo. Mkono wa sauti ni mzima, hauna ufa. Fundi aliupapasa kwa muda, kwa kuwa baadhi ya vipande vya mashine hizi vilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki ambao hufura na kupasuka wenyewe kwa uzee, na kilichopasuka hivyo hakiungiki. Kamani, kwa sehemu ionekanayo, haijashika kutu. Kwa sehemu isiyoonekana, Mungu ndiye ajuaye, mpaka kopo lifunguliwe. Na kopo la kamani halifunguliwi na kila mtu, kwani ukanda ule ukiruka waweza kumkata mtu vidole. Twawaonya kina baba na vijana wanaopenda kujitia ufundi nyumbani.

Vibati vya kidhibiti hubadilishwa. Grisi husafishwa. Hendeli yapatikana, mradi ioane na tundu na mnofu wa ndani wa mashine hiyo hiyo, si hendeli yoyote. Kichwa ndicho kitakachomaliza fedha za mama. Vichwa vya asili hutafutwa na wakusanyaji duniani na huuzwa peke yake. Yamkini ndiyo sababu hiki hakipo. Vipya vya bei rahisi vipo, na sauti yake hukwaruza. Muuzaji asema, “Vipande vyote vyapatikana mtandaoni.” Neno “vyapatikana” si bei, si muda, wala si dhamana kwamba kitakachofika kitaingia. Kama vyapatikana kwa wepesi huo, tulimuuliza kwa upole, mbona yeye hakuvileta akaiuza ikiwa imetimia, apate zaidi? Alicheka, nasi tukacheka naye.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo twaona lilipaswa kutangulia yote: tuliomba kuziona sahani.

Bibi alizitoa kashani, kila moja ndani ya kipande cha kanga. Mbili ni nyeusi, nzito, nene, za shelaki, utomvu utokanao na mdudu wa India ukachanganywa na unga wa mawe. Hizi ndizo za mizunguko 78, za jamaa moja na zile alizorekodi Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 akarekodi kwa chapa hiyo hiyo ya mbwa. Ya tatu ni nyepesi, ndogo, upana wake inchi 7, tundu lake la kati pana, na karatasi yake ina namba 45. Ni ya plastiki. Ni ya zama za baadaye, zama ambazo duka la Assanand & Sons hapa Mombasa lilikuwa likitoa sahani kwa chapa ya Mzuri. Tukamuuliza bibi sauti ya marehemu babake imo katika ipi. Akainyanyua ile ndogo.

Tungependa kila mwenye kasha la namna hii nyumbani aisome sehemu hii kwa makini. Sahani ya 45 haichezwi kwa gramafoni ya kupinda. Kwanza, tundu lake halikai katikati. Kijana wa dukani alikuwa amemwambia mama kwamba angeweka kipande cha kadi, na kadi ingekaa kweli. Pili, mwendo wa mashine ni 78, na kidhibiti chake hakikufanywa cha kushuka hadi 45; mwimbaji angesikika kama kasuku. Tatu, na hili ndilo lisilo na marudio: kichwa cha gramafoni hulalia sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, juu ya ncha ya chuma. Shelaki yenye unga wa mawe yastahimili. Ndiyo sababu sindano hutupwa baada ya kucheza upande mmoja, kwa kuwa mawe yale huila sindano. Plastiki haistahimili. Mfereji wake ni mwembamba, na vyombo vilivyotengenezewa sahani hizo huilalia kwa gramu chache tu. Mara moja ya kwanza ingekuwa pia ya mwisho. Mama angelipa shilingi 28,000, na fundi, na hendeli, na kichwa kutoka ng'ambo, angengoja miezi, kisha siku ya furaha, mbele ya mamake, ncha ya chuma ingeichimba ile sauti ikaitoa mferejini.

Na hata zile mbili za shelaki, zikiwa ni nakala pekee mtu alizonazo, hatumshauri azianzie kwenye mashine kongwe. Zinakiliwe kwanza. Hilo hufanywa kwa kicheza sahani cha umeme chenye mwendo wa 78 pamoja na 45 na 33, na sindano mbili tofauti, kwani mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa sahani za plastiki. Sauti ikiingia katika simu au tarakilishi ya mjukuu, na nakala nyingine ikakaa kwa jamaa mwingine, kasha laweza hata kuungua. Sheikh Muhammad Rifat wa Misri, aliyefungua redio ya nchi ile kwa Qurani mwaka 1934, sehemu kubwa ya visomo vyake vilivyotufikia haikutoka katika makabati ya wakubwa. Ilitoka kwa wapenzi wake walionasa sauti kutoka redioni majumbani mwao. Laiti wangengoja mashine nzuri zaidi.

Palikuwa na kijana Kibokoni mwenye kicheza sahani cha namna hiyo. Alikuja nacho Alhamisi baada ya Alasiri, na hakutaka ujira ila nauli. Aliisafisha ile sahani ndogo kwa kitambaa laini, akaishikilia kwa kingo. Mwanzo ulikwaruza, kisha fidla zikaingia, kisha sauti ya mwanamume. Mama alimtazama mamake kwa hamu. Bibi, aliyekuwa amesogezewa kipaza sauti karibu na sikio, akainua mkono. “Huyo si baba,” akasema. “Huyo ni rafiki yake. Baba yuaja.” Na kweli beti ya pili ikashikwa na sauti nyingine, nzito kidogo. Hatukukaa zaidi, tuliona ni wakati wao. Twajua tu kwamba nakala ilikuwa imeshafika Dubai kwa mjukuu kabla ya Magharibi.

Sasa, gramafoni. Mama ametuuliza tena, na swali limebadilika: je, aiache kabisa? Ameipenda, na zile sahani mbili za shelaki zikishanakiliwa angefurahi kuzisikia kwa chombo cha zama zake, walau siku ya Idi. Hatuna neno la kumkataza. Kupenda kitu kizuri cha wazee si israfu kwa dhati yake. Kilichokuwa kikimsukuma kulipa bei yoyote kimekwisha timia kwa njia nyingine, na sasa aweza kusema na muuzaji bila haraka ya masikio ya mamake.

Twamshauri hivi. Karo itangulie, hilo halina mjadala. Zile siku kumi zikipita na zipite, gramafoni isiyo na kichwa haigombaniwi sana. Akirudi dukani asitoe arubuni kwa sharti lile. Jamhuri ya wanazuoni, na Imamu Shafi miongoni mwao, hawajuzishi arubuni ambayo muuzaji huila mauzo yasipotimia. Imamu Ahmad ndiye aliyeiruhusu, na wanaoifanya wana hoja yao, lakini kwa nini mama wa nyumba aingie katika hitilafu hiyo kwa ajili ya kisanduku? Badala yake aombe hiyari ya siku tatu, ambayo sheria yetu yaijua vyema: anunue kwa sharti kwamba ndani ya siku tatu fundi alifungue kopo la kamani, na kamani ikiwa imekatika, kitu kirudi na fedha zirudi zote. Muuzaji aliyeruhusu skrubu zifunguliwe hatakataa hilo, nasi twamdhania wema.

Bei isivuke shilingi 10,000. Kiasi hicho hatukukiokota: fundi ametaja 4,000 kwa kusafisha, kidhibiti na hendeli, na kichwa cha asili na gharama za kukifikisha hapa kitameza zilizobaki na zaidi. Mama akiishia shilingi 28,000 kwa mashine inayoimba, hapo amelipa thamani aliyotajiwa mwanzo. Muuzaji asiposhuka, asilaumiwe. Mali ni yake.

Na mpaka hapo itakapofahamika, sahani zisirudi kashani zikiwa zimelala moja juu ya nyingine. Zisimamishwe wima, mbali na dirisha la jua, kwa kuwa shelaki hujipinda kwa joto na huvunjika kama sahani ya udongo. Ukungu wa pwani ukizishika, zipanguswe kwa maji kidogo ya uvuguvugu na tone la sabuni, karatasi ya katikati isiloe, zikaushwe kivulini. Zile mbili nyeusi zisiguswe kabisa na spiriti, hata kidogo, kwani spiriti huiyeyusha shelaki. Bibi ametuambia kwamba kuna jirani aliyempa chupa yake azisafishie. Amrudishie na shukrani.